Tulizika Kwenye Baraji

Ukuta ule haukuwa wa mtu yeyote. Ndiyo sababu tulizika pale.

Nasema ukuta, lakini mgeni angeuona kama kilima kirefu chenye majani, kilicholala kutoka upande mmoja wa bonde hadi wa pili. Mzungu mmoja mwenye kahawa aliujenga wakati wa Wabelgiji, kwa udongo mwekundu ulioshindiliwa, ili azuie kijito kinachoshuka kutoka Ruwenzori. Nyuma ya ukuta maji yalijikusanya yakawa ziwa dogo. Chini yake lilipita bomba la chuma lenye vane, yaani gurudumu la kufungulia maji, na wakati wa kiangazi ulizungusha vane maji yakaenda mferejini mpaka kwenye vitunguu na kabichi. Vyote pamoja, ukuta na ziwa, tuliviita baraji. Mzungu aliondoka, kahawa ikang'olewa, watu wakagawana mashamba. Baraji haikugawiwa mtu. Ilibaki kama njia: kila mmoja anapita, hakuna anayefagia.

Zamani waliitunza. Wenyeji walinisimulia kwamba kila Jumamosi jante, yaani ringi ya chuma ya gurudumu la lori, iliyotundikwa karibu na kanisa iligongwa, na kila nyumba ikatoa mtu na panga kwenda salongo, kazi ya pamoja. Walikata vichaka ukutani, wakaziba mashimo ya fuko. Kisha vita vikafika, na askari wakajifunza kazi ya ile jante. Walipotaka watu wa kubeba mizigo, waliigonga wao. Watu walikuja na mapanga kama kawaida, wakaondoka na masanduku ya risasi vichwani. Wengine walirudi. Tangu siku hiyo sauti ya jante ilimaanisha kukimbia, na hakukuwa tena na salongo.

Sisi tulipofika, vichaka ukutani vilikuwa vya kufika kifuani. Vane ilikuwa imeshika kutu, maji yakipita kidogo tu. Pembeni mwa ukuta kulikuwa na mfereji mpana ambao mzungu aliuacha ili maji ya mvua kubwa yapite huko badala ya kuruka juu ya ukuta. Mama mmoja alikuwa amepanda viazi vitamu ndani yake, matuta kwa matuta. Sikumlaumu. Njaa ilikuwepo, mafuriko hayakuwepo.

Tulitoka mbele ya Eringeti, kule ambako barabara inaelekea Ituri. Tulikuwa watatu: mume wangu, mimi na binti yetu. Tulitembea mpaka Beni, tukalala kwenye uwanja wa shule, kisha mtu mmoja akatuambia kwamba upande wa Mutwanga kuna mzee mwenye mashamba anayetafuta mikono. Katekista wa pale alitupeleka kwake. Mzee alitupa nyumba ya udongo chini ya baraji na sehemu ya kulima vitunguu vyake, na kipande chetu cha maharagi. Hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lijulikane kabla sijaendelea.

Binti yetu alikuwa ameanza kunizidi urefu. Homa ilimkamata msituni, tulipokuwa tukilala kwenye mvua, na kikohozi hakikumwacha. Zahanati ilikuwa imeporwa hadi vitanda. Alikufa asubuhi, nikiwa napika uji wake. Niliutoa uji motoni kwanza, nikaufunika, ndipo nikaanza kulia. Sijui kwa nini nakumbuka jambo hilo kuliko mengine.

Kwetu maiti huzikwa nyuma ya nyumba, kwenye migomba, na juu yake hupandwa ule mti wa mipaka, wenye majani marefu, ambao hata ukiukata unachipua. Penye kaburi lako ndipo penye shamba lako. Ugomvi wa ardhi ukifika kwa chifu, swali la kwanza ni hilo: nionyeshe makaburi yenu. Sisi makaburi tulikuwa nayo, lakini yalikuwa mbele ya Eringeti.

Mume wangu alikwenda kwa mzee kuomba mahali. Nilisimama nyuma yake.

"Papa," alimwambia, "tusaidie pembe kidogo tu. Ya kulaza mutoto."

 Mzee alikuwa amekwisha kutuma mke wake atuletee sanda na jogoo.

"Miye sina roho mubaya," alisema. "Lakini kaburi ni mupaka. Kaka yangu mukubwa aliachia mugeni azike kwake, vile vile, kwa huruma. Leo ile shamba iko ya nani? Batoto yake banapanga kwa mugeni. Leo tunazika mutoto, kesho bajukuu benu batasema: hapa ni kwetu, kaburi ya shangazi yetu njo hii."

"Hatutasema vile, Papa."

"Weye hapana. Weye utakufa. Batasema bale habajazaliwa."

Ilikuwa kweli. Makaburi ya parokia yalikuwa ng'ambo ya barabara kubwa, na barabarani palikuwa na kizuizi cha askari. Wanaume wanne wenye machela ni wabebaji wanne ambao askari hawakuhitaji kuwatafuta. Katekista ndiye aliyesema, "Pale juu ya baraji hakuna mwenyewe." Sote tukaangalia juu, na kweli, pale hapakuwa na mwenyewe.

Mume wangu alichimba peke yake. Udongo wa ukuta ulikuwa mgumu kama tofali, maana ulishindiliwa na watu wengi, babu za wale tuliokuwa tukiishi nao. Alichimba kwa sururu. Alipofika kina cha kawaida hakuacha. Alizama mpaka tukawa tunaona udongo unarushwa tu, yeye hatumwoni. Alipotoka alikuwa mwekundu kuanzia nywele.

"Hapa hakuna imbwa itamufikia," aliniambia.

Tulimlaza ndani ya mkeka. Katekista aliomba. Udongo ulirudishwa kwa majembe na kwa miguu, kama kila kaburi linavyofukiwa, na juu yake mume wangu akachomeka tawi la mti wa majani marefu. Upande mmoja wa kaburi lilikuwa ziwa, upande wa pili vitunguu vya mzee. Nilijiambia: basi, ana maji, ana shamba.

Wakimbizi wengine waliona. Walikuwa kama sisi, wanapanga kwa watu, hawana pa kulaza wao. Mmoja alimzika mama yake pale, mwingine mmoja wa watoto wake pacha. Baada ya muda juu ya ukuta kulikuwa na mstari wa majani marefu, na ukipita bondeni asubuhi ungedhani ni ua la mtu tajiri.

Kisha mume wangu alichukuliwa. Alikuwa anapeleka vitunguu kwenye pikapu ya wafanyabiashara wa Butembo, askari wakamshika kizuizini pamoja na wengine, wakawapa mizigo. Hakurudi. Nilingoja, nikauliza, nikaacha kuuliza. Sina kaburi lake. Cha mikono yake nilichobaki nacho kilikuwa mlango wa nyumba, mpini wa jembe, na lile shimo refu. Jumapili baada ya sala nilipanda ukutani nikakaa pale.  Nilikuwa nang'oa magugu tu.

Mwaka wa mvua nyingi, ziwa lilipanda likakaribia mgongo wa ukuta. Chini ya kaburi la binti yangu, upande wa mashamba, majani yakawa ya kijani kuliko kwingine. Kisha pakalowa. Kisha pakatoka maji, uzi mwembamba, baridi, meupe. Wanawake walifurahi kwa sababu yalikuwa karibu kuliko kijito. Waliweka jani la mgomba yatiririke vizuri, wakapaita kisima cha mtoto. Nami nilichota pale, nikapikia, nikanywa. Yalikuwa matamu.

Agronome, yaani bwana shamba, alikuja mwishoni mwa mvua zile. Alikuwa mtumishi wa serikali aliyetumwa kutoka Kasai kabla ya vita, na vita vikamfungia kwetu kama ndege aliyeingia nyumbani. Mshahara haukufika tena, lakini aliendelea kuzunguka na pikipiki yake akiangalia mashamba ya watu. Alitukuta kwenye kisima.

"Agronome!" jirani yangu alimpigia kelele. "Leta (serikali) inakulipa na nini siku hizi? Na vumbi?"

"Na vumbi, mama. Siku ya sikukuu, na matope."

Wanawake walicheka. Yeye aliinama kunawa uso, akaacha. Alichukua maji kiganjani, akayatazama. Kisha akapanda ukutani kwa magoti, akashuka, akapanda tena. Alirudi akaomba chupa. Mtu akampa chupa ya bia tupu. Aliijaza kisimani akaiweka juu ya jiwe.

"Tunangojea nini?" nilimwuliza.

"Tala tu, mama. Angalia."

Tulichota, tukaosha vyombo. Tuliporudi kutazama, chini ya chupa kulikuwa na utando mwekundu, mwembamba kama kucha.

"Maji ikitoka yenyewe, haiko mubaya sana," alisema. "Ukuta ya zamani yote inatoka jasho. Lakini hii inatoka na udongo. Ni ukuta inatoka. Inatoka ndani, kidogo kidogo, mpaka siku moja inatoka yote." Alionyesha nyumba zetu, kanisa, vitunguu. "Na itapita hapa."

"Juu ya nini ianze leo?" jirani yangu alimwuliza. "Baraji iko pale tangu babu."

 Agronome alitazama juu, kwenye mstari wa majani marefu, kisha akanitazama mimi. Alijua kaburi lililo juu ya kisima ni la binti yangu, kila mtu alijua.

"Kule juu udongo ilifunguliwa," alisema. "Na haikushindiliwa kama ya zamani. Pole, mama. Ile moja ilishuka sana."

Aliniachia chupa. Alisema nijaze nyingine kila mvua ikinyesha, nizipange, ili aone akirudi. Nilizipanga ukutani mwa nyumba, kwenye kivuli. Ya pili ilikuwa na utando mnene zaidi. Ya tatu ilikuwa na tope la kidole. Baada ya hapo wanawake waliacha kuchota, na hakuna aliyepaita tena kisima cha mtoto.

Mzee alikuja kwangu na fimbo yake. Alikaa mlangoni, akakataa kiti.

"Mama, nakuja kukuomba. Agronome anasema makaburi itoke, ukuta ufungwe upya."

"Nimesikia, Papa."

"Sasa unasema je?"

"Mutoto ataenda wapi?"

Alichora ardhini kwa fimbo. Njia ya Eringeti ilikuwa imefungwa, alijua. Kizuizi kilikuwa bado pale barabarani, alijua. Nilimtazama akitafuta mahali pengine popote pasipokuwa kwake, na mahali hapo hapakuwepo.

"Miye nilikuambia tangu zamani," alisema, akainuka.

"Na sisi tulikusikia. Njo maana alienda kule."

Sikusema kwa hasira. Lakini sikusema pia kwamba nitakubali kumtoa. Maneno yalienda haraka bondeni. Mwanamke mmoja alinisimamisha mferejini, beseni kichwani.

"Weye wa Eringeti! Wako alikufa moja, unataka na ba kwetu bakufe bote?"

"Mwache," mwingine alisema, yule aliyemzika mama yake. "Miye pia niko na mutu kule. Utaniambia na miye nimutupe mutoni?"

"Nani alisema kutupa?"

"Basi sema utamuweka wapi. Chini ya kitanda yako?"

 Kila mmoja alibeba maji yake akaenda. Usinielewe vibaya, sikuwa shujaa wala sikuwa mkaidi. Niliogopa ukuta kama wao, nyumba yangu ndiyo iliyokuwa karibu nao kuliko zote. Lakini kumtoa mtoto ardhini bila kujua utamweka wapi ni kazi ambayo mikono inakataa. Na lile shimo lilichimbwa na mtu ambaye sikuwa na kaburi lake.

Mvua zilirudi. Asubuhi moja nilipanda nikakuta ardhi imetitia upande wa kichwa cha kaburi, kama chungu kilichobonyea. Mti wa majani marefu ulikuwa umeinama kuelekea ziwani. Nilishuka nikamwita mzee mwenyewe. Alipanda polepole, akisimama kupumua. Alipouona mti, alivua kofia. Aliangalia ziwa, kisha mashamba yake chini.

"Umupeleke kule juu, ng'ambo ya shamba," alisema. "Kwa migomba yangu. Na bale bengine."

"Na batoto bako batasema nini?"

"Batasema muzee alizeeka." Alivaa kofia. "Lakini mama, ule muti hapana. Hapana panda muti."

Nilikubali. Aliuliza mara nyingine, nikakubali tena mbele ya katekista.

Agronome alifika mchana ule ule, pikipiki ikiwa imejaa matope hadi kwenye taa. Alisema kwanza ziwa lishuke, maana ukifungua ukuta wakati maji yako juu umejiua. Wanaume walijaribu vane kwa mtaimbo, na mhimili wake ukakatika kama mua. Basi ikabaki ule mfereji wa pembeni, wa viazi vitamu. Walihitajika watu wengi. Yeye hakuwa mtu wa pale. Aliiona jante karibu na kanisa, akaokota jiwe.

"Hapana gusa ile!" walipiga kelele wote kwa pamoja, na mwanamume mmoja akamrukia mkono.

Kama angeigonga, bonde lote lingekimbilia msituni, na ukuta ungebaki na sisi wachache. Katekista na wanawake walipita nyumba kwa nyumba, wakiita kwa sauti ya kawaida, kama wanaoalika watu matanga. Watu walikuja, mmoja mmoja, wakiangalia nyuma. Mwenye viazi ndiye aliyeanza kuving'oa. Alikuwa analia na kuwagawia watoto, hata vile ambavyo havijakomaa. Kisha mfereji ukachimbwa, tabaka kwa tabaka, na ziwa likaanza kushuka kupitia pembeni, bila haraka, mpaka tukaona visiki vya miti ambayo mzungu aliizamisha.

Makaburi mengine yalikuwa makavu. Mifupa iliwekwa kwenye vitambaa vipya, katekista akiomba, wenyewe wakipanda nayo hadi kwenye migomba ya mzee. La binti yangu lilikuwa la mwisho, kwa sababu lilikuwa refu. Niliwaambia nitashuka mimi. Wanaume hawakutaka, lakini hakukuwa na baba wala mjomba wa kushuka badala yangu.

Nitasema nilichokiona, si zaidi. Upande wa kichwa mkeka ulikuwepo bado. Kichwa kilikuwepo, na mikono. Upande wa miguu hakukuwa na mkeka. Palikuwa na njia ya maji, upana wa mkono wa mtu mzima, laini ndani kama koo, ikitoka upande wa ziwa na kuelekea kule tulikokuwa tukichota. Nilipapasa kwenye udongo mpaka Agronome akaniambia, "Mama, inatosha. Panda." Sikupata vyote.

Nilipotoka nilimwuliza kama anazihitaji zile chupa. Alifikiri namwuliza juu ya kazi, akasema hapana, ameshaona. Kisha akaelewa. Alishuka mwenyewe hadi nyumbani kwangu akazileta zote, amezishika kifuani, akitembea kwa uangalifu zisitikisike.

Kule juu, kwenye migomba, mkabala na lile shimo la ukutani, nilimwaga maji ya juu polepole, pembeni, nikabakiza tope. Tope nililitia kaburini pamoja naye. Lilikuwa jekundu tu, kama udongo wowote. Hakuna aliyeniuliza ninafanya nini. Mzee alisimama na kofia mkononi hadi mwisho.

Ukuta ulifungwa kwa udongo mfinyanzi, na watu walishikana mabega wakaukanyaga kwa miguu, tabaka baada ya tabaka, kama wanaume wanavyokanyaga ndizi za kasiksi, pombe ya ndizi. Ulishika. Ziwa liko chini kuliko zamani, na kiangazi maji hayavitoshi vitunguu, lakini nyumba zipo. Agronome alihamishwa, sijui yuko wapi. Mzee alikufa. Wanawe walikuja kuniuliza, kwa adabu, kama nina neno juu ya shamba lile. Niliwaambia sina. Waliangalia kama kuna mti. Haukuwepo.

Shida ni kwamba migomba hutembea. Mama mgomba anakufa, mtoto anaota pembeni, na baada ya miaka shina haliko tena pale ulipoliacha. Wengine waliozika pale juu hawajui tena kama wamesimama juu ya mtu wao au juu ya mtu wa jirani. Mimi nikitaka kumpata, naanza kwenye baraji. Kile kiraka kilichokanyagwa bado kinaonekana, udongo wake haujafanana na wa zamani, majani yanaota hapo kwa shida. Nasimama juu yake, mgongo kwa maji, nashuka na kupanda moja kwa moja ng'ambo bila kupinda, mpaka kwenye migomba. Hapo nasimama.